Kichwa Chako Kilikuwa Kibao cha Saluni Yangu

Mwanangu Safia,

Salamu nitakupa kesho gatini kwa mdomo wangu, mbele za watu, kwa hivyo hapa sizirefushi. Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, nami nimeshusha pazia la saluni saa tisa alasiri, siku ya Alhamisi, siku ambayo hata nikiwa na homa huwa nasuka. Kulikuwa na vichwa viwili vya leo. Nimeviambia vije Jumapili.

Mambo ya shuka na sweta na baridi ya Eldoret uendako kusoma sitayataja. Baba yako ameyasema mara tatu, na ya nne ataisema kesho ukiwa ushakaa ndani ya boti. Mimi nataka kukuandikia juu ya kichwa chako. Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitajitetea. Najijua.

Nianze na Jumatatu. Uliniambia unakwenda Matondoni kumuaga mama yako mdogo, nikasema nenda. Ukarudi kabla ya magharibi, ukavua buibui, ukavua mtandio mbele yangu, mara ya kwanza kwa miaka sita, nikaona. Misokoto minane. Minane, Safia! Minene kama vidole vya mtu mzima, imelala kichwani imetulia, inang'aa mafuta ya nazi, na mapanja yameachwa huru, vinywele vimejikunja vyenyewe pembeni mwa uso. Miaka ishirini na miwili mimi ni msusi. Mtu akitaka kusukwa kwa harusi katika mji huu, kutoka Langoni mpaka Mkomani, ataambiwa nenda kwa Maimuna. Na binti yangu wa pekee, siku nne kabla ya safari, amekwenda kutengenezwa nywele na mke mwenzangu, mwanamke ambaye kazi yake ni kusuka mikeka.

Nilikwambia neno baya. Nilisema, "Hiyo ndiyo kazi? Hata punda wa kubeba mchanga hutandikwa vizuri kuliko hivyo."

Ungenijibu kwa hasira ningejua pa kushika. Hukukasirika. Uliweka kiganja juu ya kichwa, kama mtu anayepima kama uji umepoa, ukasema, "Haziumi, Mama." Kisha ukaenda kutawadha.

Neno hilo nimekaa nalo siku tatu. Nimesuka nalo vichwa sita, nimekula nalo, na halijaisha. Kwa sababu mimi ndiye ninayejua hesabu ya siku zilizouma.

Wewe umenikuta nina saluni. Hukuikuta ikianza. Ilianza kwa kichana kimoja cha mkia na kibao cha mbuzi cha kukunia nazi kilichovunjika meno, nikakifunga kitambaa kikawa cha kukalia wateja. Nilikaa dakani, kwenye kibaraza penye kivuli cha mlango wa bibi yako, nikasuka watoto wa jirani bure miezi mitano ili mikono yangu ijulikane. Hakuna aliyenifunza wala aliyenipa mtaji. Lakini nilikuwa na shida moja ambayo msusi wa Mombasa hana. Msusi wa Mombasa hubandika picha mlangoni. Mimi ningebandika picha ya nywele za nani? Mwanamke wa hapa akishasukwa anajifunika, anatoka, na kazi yangu yote inakwenda nyumbani ndani ya buibui. Anaiona mumewe, na pengine mumewe hatazami.

Soko langu lilikuwa moja tu: siku ya kupamba bibi harusi. Wanaume wametolewa nje, milango imefungwa, mabuibui yamerundikwa kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, na wanawake mia mbili wako wazi kichwa kwa saa nne. Ukitaka kujulikana kazi yako, ni saa nne hizo. Na mteja hawezi kuzunguka akitangaza nani kamsuka, yeye amekuja kujionyesha yeye. Nilihitaji kichwa changu mwenyewe. Wewe ulikuwa na miaka sita.

Ile harusi ya kwanza nilikusuka rasta mia mbili na kumi na mbili. Nilizihesabu kwa sababu nilitaka kujua uzi wa bandia umekwenda kiasi gani. Nilianza baada ya chai ya asubuhi nikamaliza alasiri, kazi ya saa saba na robo. Mpaka adhuhuri ulisema "inauma" mara kumi na moja. Baada ya adhuhuri hukusema tena. Nikafurahi, nikadhani umezoea.

Asubuhi yake nyusi zako zilikuwa zimepanda kama za mtu aliyeshtuka. Kwenye mstari wa nywele, kuanzia sikio hadi sikio, vilikuwa vimetoka vipele vyeupe, vidogo kama mtama. Ulikuwa unalala kifudifudi, paji la uso juu ya mkono, kwa sababu ubavu wowote ulikuwa unakuchoma. Nilikupa dawa ya maumivu nusu kidonge, nikakuvika gauni la kijani, nikakupeleka. Wanawake wakawa wanakushika kidevu na kukugeuza kichwa huku na huku.

"Mashallah! Nani kamsuka huyu?"

"Mama," ukasema, na uso wako umevutwa hivi kwamba hata kutabasamu ilikuwa kazi.

Wiki ile walikuja wateja wapya tisa. Kichwa kimoja kilinizalia vichwa tisa. Mimi nilivyo na hesabu, unadhani ningeacha? Kutoka miaka sita hadi kumi na mitatu nilikupeleka harusi thelathini na nne. Kila harusi msuko mpya. Nilikuwa nafumua leo, nasuka kesho, na katikati kichwa chako hakikupata hata juma moja la kupumua.

Na nilikuwa na jina zuri la jambo hilo. Baba yako akiuliza mbona mtoto kasukwa tena, nasema, "Nazilinda nywele zake." Siku hizi wasichana wananijia na simu mkononi, wananionyesha picha, wanasema, "Aunti, nataka msuko wa kulinda nywele," nami najibu kama mtaalamu. Lakini juzi, baada ya neno lako, nilijiuliza: nazilinda na nini? Jua halikuzifikia, zilikuwa ndani ya mtandio. Upepo wa chumvi haukuzigusa. Vumbi, hali kadhalika. Adui pekee aliyezifikia nywele zako alikuwa amekaa nyuma yako, ana kichana cha mkia, na ulikuwa unamwita Mama.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nazionea wivu.

Nywele zako ni za upande wa baba yako. Nzito, zimejisokota, ukizitia maji zinajikunja na kurudi kama kitu chenye akili. Mimi zangu nilizitia dawa ya kulainisha nikiwa na miaka kumi na tisa kwa kuona aibu ya ukipilipili, nikazitia tena kila baada ya wiki nane, mpaka zikawa kama nyuzi za gunia. Kisha nikazisuka kwa nguvu ili nisizione. Nilipokuwa nimekaa nyuma yako, mikono yangu imejaa, nilikuwa nasikia kitu. Nikivuta, sehemu ndogo ilikuwa kazi. Sehemu nyingine sijui niiite nini. Wivu wa mama kwa mtoto wake hauandikwi popote, lakini upo, na bora uujue kutoka kwangu kuliko kuugundua siku moja ukiwa na binti yako mbele yako.

Tena ulipokuwa na miaka kumi, baba yako alioa Matondoni. Alikuwa huko kwa kazi yake ya injini za boti, siku nne kwa wiki, na siku moja akarudi akasema amemposa Zainabu. Sitalalamika hapa, sheria imempa. Lakini siku za zamu nilizihesabu, hilo nalikiri. Alitakiwa awe sawa, na alikuwa sawa, na bado nilikuwa nahesabu nikitafuta kosa. Nilimchukia Zainabu kwa kukosa kumpata kosa.

Basi ikaja harusi ya nyumba kubwa ya Mkomani. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama wa bibi harusi alikuwa amenipa wanawake kumi na wanane wa familia nisuke, na mimi nilitaka uingie ukiwa umekamilika. Nikakufumua. Mapanja yako yalikuwa yameondoka. Kila upande pamebaki ngozi laini, upana wa vidole viwili, inang'aa kama ukucha. Nilisimama na kichana mkononi. Msusi mwenye akili angesema mtoto huyu asisukwe tena. Mama angesema vivyo hivyo. Mimi nilisema, "Nitapaziba."

Nilichukua piko, ile rangi nyeusi tunayochorea maua mikononi mwa bibi harusi, nikaikoroga nzito, nikakuchorea mstari wa nywele kwa kijiti. Kistari kimoja kimoja, chembamba kama unywele. Nilikuwa naona fahari! Kwa mbali, mtu angeapa ni nywele.

Ulisema, "Mama, inawasha."

Nikasema, "Ikikauka itaacha."

Siku ya pili asubuhi mapanja yako yalikuwa yamevimba malengelenge, jicho la kushoto limefumba. Baba yako alikuwa zamu ya kwangu. Alikuketisha penye mwanga, akakutazama.

"Maimuna, hii ni nini?"

"Ni mzio."

"Mzio gani huu wenda kwa mstari, kama umepigiwa rula?"

Akakupeleka hospitali, na mlipotoka huko hamkurudi nyumbani. Alipiga simu kutoka Matondoni. "Kitwa hiki hutakigusa tena mpaka nyele zimee. Zainabu atakaa naye." Ulikaa siku thelathini na nne. Likizo yote.

Unakumbuka hayo. Ambayo huyajui ni niliyoyafanya nyuma yako.

Wateja walianza kuuliza. "Safia yuko wapi? Mbona hakuonekana kwenye kupamba?" Nilijibu yuko kwa babake. Halafu alikuja yule mama wa bibi harusi, kufumua, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maimuna, nimesikia mtoto katoka nywele. Kafanywa nini?" Saluni ilikuwa na wanawake watano. Ningeweza kusema, ni mkono wangu. Nilisema, "Si unajua nina mwenza."

Maneno manne. Sikutaja jina. Sikutaja kijicho wala husuda. Nilishusha macho nikaendelea kufumua. Wao wakajaza yaliyobaki. Haikufika Ijumaa, mji mzima ulikuwa unajua kwamba mke mdogo wa baba yako, Athmani, ana jicho baya, kamtazama mtoto wa mwenzake hadi nywele zikapukutika. Watu walinionea huruma. Wateja waliongezeka, Safia. Nilipendwa.

Uliporudi, nywele zikiwa zimeanza kuota kama kivuli, nilimwomba maalimu akuandikie kombe la kijicho, aya zinazooshwa kwa maji, nikakunywesha siku saba kwa kikombe cheupe. Maneno ya Mungu hayana lawama, lawama ni ya nia niliyoyaitia. Na siku ya tatu nilikwambia, "Ukienda nyumba ile usile kitu." Uliniangalia juu ya kikombe, ukanywa. Lakini kila Jumamosi uliomba ruhusa ya kwenda, na sikuwa na sababu ya kukunyima ambayo ningeweza kuitamka. Miaka sita ukawa unakaa nami kichwa umekifunga. Nilijua kinatengenezwa wapi. Ukipita karibu yangu nilikuwa nasikia harufu ya nazi na asumini.

Jana asubuhi nilikwambia nakwenda kununua mafuta. Nilikwenda Matondoni. Nilipanda pikipiki, mimi, na unajua ninavyoziogopa. Njia nzima nilikuwa natayarisha majibu. Nilijua atanitukana, na kila tusi nililitafutia jibu lake.

Alikuwa ukumbini, ukili wa mkeka umemzunguka miguuni.

"Hodi."

"Karibu." Akainua uso. Mikono ikasimama. "Hee! Bi Maimuna! Nani kafa?"

"Hakufa mtu."

"Basi karibu. Miaka tisa hujakanyaga kizingiti hiki, lazima niulize."

Nilikaa. Nilikataa chai, kisha nikaikubali. Nikasema yote kwa pumzi moja: "Ile habari ya kwamba kijicho chako kilimtoa Safia nywele. Niliitoa mimi. Ilikuwa piko, na misuko yangu."

Akaokota ukili wake, akaendelea. "Nalijua."

"Tangu lini?"

"Wiki ile ile. Wanawake watatu walikuja kunipa habari. Wawili wakanywa na chai."

"Mbona hukunijia? Hata tusi hukuniletea!"

"Nikujie tupigane? Tungepigana, ungemkataza mtoto asije kwangu. Nikanyamaza. Mtoto akaja."

Majibu yangu yote ya kwenye pikipiki, hata moja halikufaa. Na nikwambie ukweli, hapo hapo, badala ya kuona haya peke yake, nilimwonea wivu upya. Nilimdhulumu, na hata katika kudhulumiwa alinishinda.

Nikamuuliza ni harusi ngapi hakualikwa. Akacheka kidogo. "Wewe ndiye wa hesabu. Mimi nalihesabu za mwaka wa kwanza, nikaacha." Kisha akasema, bila kunitazama, "Za harusi si neno. Mtu mwenye mtoto mchanga akiniona naja, humfunika uso kwa leso. Hilo ndilo."

Sikujua. Nimesuka vichwa vya wanawake hao hao, na sikujua.

Nikamwambia Jumamosi kuna kupamba Langoni, nitaingia naye, nitasimama mbele ya wote niseme. Akatikisa kichwa. "Sitaki kutangazwa, Maimuna. Nimeshatangazwa. Nataka kualikwa." Basi nimemwalika. Ataketi upande wangu, na kila atakayeniuliza nitamjibu kwa maneno kamili, si manne.

Halafu nikamuuliza lililonipeleka hasa. "Safia anasema mkono wako hauumi. Wafanyaje?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jinsi ya kunywa maji. Akainua utepe wa ukili, akauvuta mpaka ukalia. "Huu umekufa. Wauvuta utakavyo, na usipouvuta mkeka walegea. Nyele i hai. Kitu hai hukivuti, wewe wakifuata." Kisha akasema, "Na vua huo mtandio, tuko wawili tu. Nasikia Maimuna havui mtandio hata kwenye kupamba. Una dhahabu huko ndani?"

Safia, wewe mwenyewe hujaniona kichwa wazi tangu ulipokuwa darasa la nne. Nilidhani hukugundua. Nikavua. Mapanja yangu yamekwenda vidole vitatu kila upande, na utosini pana uwazi ambao nauficha kwa kusuka juu yake nywele za bandia. Zainabu aliweka ukili chini. Akanizunguka. Akapiga ulimi.

"Loo, Maimuna! Na hizi nazo zalitolewa na jicho langu?"

Nikacheka. Sikutaka. Nilicheka mpaka machozi, na yeye akacheka, na jirani akachungulia dirishani kuona mke mkubwa na mke mdogo wa Athmani wamefanya nini. Kisha akaniketisha kati ya magoti yake, akanifumua, akanipaka mafuta kwa ncha za vidole. Sikuwa nimeguswa kichwa na mtu tangu alipofariki mama yangu. Nimeshika vichwa vya watu miaka ishirini na miwili, Safia, na changu hakikuwa na mtu. Alinisokota misokoto sita, zilizobaki hazikutosha minane. Dakika thelathini na tano. Nilikuwa nasubiri kuumia nione kazi imeanza, akasema, "Tumemaliza."

Nilirudi nikasema mafuta yalikwisha dukani. Sasa unajua.

Mwanangu, huko uendako kuna wasusi, na watakuwa wazuri, na wasichana wa bwenini mtakaa mkisukana. Suka ukitaka. Siwezi kukukataza rasta, zimekusomesha. Na si kwamba nywele wazi ni ibada na za kusukwa ni dhambi, hata Zainabu hasemi hivyo. Msuko uwe wa kuzipumzisha, usiwe wa kuzificha, na ukiona unausuka kwa sababu huwezi kuvumilia kilicho chini yake, hapo jiulize nani aliyekufunza hivyo. Ni mimi. Na ukiketi kwa mtu, nyusi zikianza kupanda, inuka. Hata ikiwa nusu ya kichwa imeshasukwa. Hata wakikucheka.

Hilo la kuinuka ndilo linalonitia hofu, kuliko baridi na kuliko masomo. Nilikufunza kwamba ukiumia mikononi mwa mtu anayekupenda, unyamaze mpaka amalize. Ulisema "inauma" mara kumi na moja, ukaona haifai kitu, ukaacha. Ulikunywa kombe ukijua si kweli. Umekuwa mwanafunzi mzuri mno wa somo baya. Kesho unakwenda mbali, na siku moja kutakuwa na mtu mwingine nyuma yako, rafiki au mkubwa wa kazi au mume, anavuta na kusema ikikauka itaacha. Sema mara ya kumi na mbili. Sema kwa kelele. Anza na mimi, nidai hata hizo za zamani, ninazo zote kichwani na sitazikana.

Juzi nilimrudisha mteja. Alikuja na mtoto wa miaka mitano, anataka rasta ndogo ndogo kwa harusi ya Jumamosi. Mtoto akaanza kulia hata sijamgusa. Mama akasema, "Endelea tu, huyu ni wa kudeka." Nikampaka mafuta mtoto, nikamfunga mafundo manne, nikamwambia mama, basi. Akasema, "Maimuna, umezeeka." Nikamwambia ndiyo. Amekwenda kwa msusi mwingine, na mtoto amesukwa, nimeshamwona. Kwa hivyo sikuokoa kitu. Nakwambia tu kwamba niliweka kichana chini, na ilikuwa vigumu kuliko nilivyodhani, na mikono iliniwasha siku nzima.

Kesho Zainabu atakuja gatini. Nimemwambia aje, na nimemwambia baba yako asishangae mbele za watu. Utatuaga wote wawili, na utaona sijui niweke wapi mikono yangu. Usinionee huruma. Wivu wangu haujaisha kwa misokoto sita. Nikikuona umemkumbatia nitahesabu, nikikuona umenikumbatia nitalinganisha. Ndivyo nilivyo, na nina miaka arobaini na sita. Lakini sitasema neno, na sitashusha macho.

Sikuombi unipe kichwa chako. Hicho sasa ni chako, na mkono ulioupenda ni mkono mzuri, nimeupima mwenyewe. Naomba kitu kidogo. Ukifika, ukizoea, ukiamka siku moja uzioshe mwenyewe na kuzisokota mwenyewe mbele ya kioo cha bwenini, piga picha ukiwa wazi kichwa, utume. Najua utamtumia Zainabu, na ni haki yake. Mtumie.

Lakini nitumie mimi kwanza. Hata kwa dakika moja.

Mama yako,
Maimuna